Plasta ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa wanachuo alizunguka mabwenini tangu asubuhi, shati amelikunja hadi juu ya kiwiko ili plasta ionekane.

"Mimi nimeshatoa damu. Nyie mnaogopa nini?"

Kundi zima likamfuata hadi ukumbini. Kufika, wakamkuta muuguzi, mama wa makamo, ndiyo kwanza anafungua boksi la sindano.

Muuguzi akaitazama ile plasta, kisha akaibandua taratibu.

"Mwanangu, hapa hata mbu hajatia mguu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akapanda kitandani mwenyewe, macho kayafumba, jasho linamtoka kabla ya damu.

Alipomaliza, akabandikwa plasta mpya. Akaanza kuushusha mkono wa shati kimyakimya. Muuguzi akaukunja tena.

"Usifiche, baba. Sasa ringa."