Kabla ya Foleni

Baba yangu, Leonard Pruitt, ana miaka themanini na mmoja na hajawahi kuona mechi ya besiboli ikiisha. Si kwamba haendi. Viti vyetu viwili katika Uwanja wa Tolliver, safu ya kumi na nne, alivipata kabla sijazaliwa, na mechi alizozitazama pale ni nyingi kuliko nywele zilizomsalia. Lakini mechi ina raundi tisa, na ya nane ikikaribia kwisha yeye husimama, hupandisha suruali, husema, “Twende, kabla ya foleni.” Hapo hakuna mjadala. Unabeba kofia yako, unamfuata.

Kwa hiyo mimi nimekulia kwenye mechi zisizo na mwisho. Raundi ya tisa naijua kwa redio ya gari tu. Nilipokuwa na miaka tisa, timu yetu ya Korongo ilikuwa nyuma kwa pointi sita, ikazirudisha zote na kushinda kwa mpira uliovuka ukuta. Mji mzima haujausahau mpira ule. Mimi niliusikia tukiwa kwenye taa za barabarani, karibu na duka la matairi, baba akipiga usukani kwa furaha kana kwamba si yeye aliyetukosesha. Kesho yake shuleni niliulizwa nimeona nini, nikadanganya. Nimeendelea kudanganya miaka arobaini.

Mwaka huu wakatangaza kwamba Tolliver unabomolewa. Mpya unajengwa kando ya barabara kuu, una vyumba vya vioo na watu watauziwa wali na samaki mbichi, sijui nani aliwaomba. Nikamwambia baba sitaki kingine chochote kutoka kwake, si Krismasi, si siku yangu ya kuzaliwa. Nataka mechi ya mwisho, mpaka mchezaji wa mwisho atolewe, niione kwa macho yangu nikiwa nimekaa naye. Akasema sawa. Nikamwambia aape. Akaapa, tena kwa jina la marehemu mama, ambalo halitaji ovyo.

Basi Jumapili ile mchana tukaenda. Kuendesha aliendesha yeye, maana funguo za gari lake hampi mtu. Akaegesha pale pale pa siku zote, pua ya gari imeelekea barabarani, tayari kukimbia. Nikaliona hilo.

Alijitahidi, siwezi kumsingizia. Alikula soseji yake, aliwatukana waamuzi, alimweleza jirani yetu jinsi kila kitu kilivyokuwa bora zamani. Ila raundi ya nane ilipoanza, tukiwa nyuma tano kwa moja, magoti yakaanza kumcheza. Akatazama saa. Akatazama ngazi. Akasimama, akapandisha suruali.

“Baba.”

“Nanyoosha mgongo tu.”

“Nyoosha ukiwa umekaa.”

Akakaa, amenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Baada ya muda akasema anakwenda chooni. Nikamwangalia usoni. Akasema, “Mama wee, hata choo kina kiapo?” Watu wa nyuma wakacheka. Nikampisha.

Raundi ya nane ikaisha. Ya tisa ikaanza, wageni wakapiga zamu yao wakamaliza bila kitu, na kiti cha baba bado kitupu. Ikabaki zamu yetu, ya mwisho kabisa katika uwanja ule. Watu wote walikuwa wamesimama. Wengine walikuwa wanalia hata kabla ya kupigwa mpira mmoja. Mimi nilikuwa natazama ngazi. Mzee wa miaka themanini na mmoja, moyo wake una betri, yuko wapi? Nikasema nisubiri kidogo. Nikasubiri kidogo. Halafu nikaondoka, natukana kimoyomoyo kwa kila hatua.

Chooni hakuwepo. Kwenye duka la soseji hakuwepo. Langoni nikamuuliza mlinzi, mama mmoja aliyekaa lango lile miaka mingi.

“Mzee wa kofia ya kijani? Mbona kashatoka. Kanipungia mkono kama kawaida yake.” Akanitazama nilivyokuwa nimesimama. “Dada, ukivuka hapa hurudi ndani.”

Nyuma yangu watu wakapiga ukelele. Korongo walikuwa wamepata kitu. Nilisimama pale, sijui kwa muda gani. Nilijua nikirudi nitaona mwisho. Nilijua pia kwamba nitauona peke yangu, kando ya kiti kitupu. Nikavuka.

Alikuwa amekaa ndani ya gari, redio inaongea. Nikaingia, nikabamiza mlango.

“Uliapa kwa mama.”

“Nilikwenda chooni kweli,” akasema. Hakuwa ananitazama. “Nikatoka, nikaanza kutembea. Kuja kushtuka niko kwenye usukani. Nikajaribu lango jingine, mlinzi akaniambia haiwezekani.” Akafuta mdomo kwa kiganja. “Miguu yangu ni ya kijinga, Marlene. Nisamehe.”

Nilikuwa na maneno ya miaka arobaini ya kumwambia. Sikumsamehe. Nilichoka tu kukasirika.

Na hakuondoa gari. Tulikaa pale tukisikiliza, na ndipo nikagundua jambo ambalo miaka yote hatukulijua kwa sababu tulikuwa tumeshafika mbali. Redio huchelewa. Kelele hutoka uwanjani kwanza, mpaka kioo cha gari kinatetemeka, halafu baada ya sekunde kadhaa mtangazaji anaeleza kilichotokea. Uwanja ukapiga kelele, tukasubiri, akatuambia tuna mbili. Kelele tena, tukasubiri: nne. Tano kwa nne, wawili wetu wametolewa, amebaki mmoja. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama.

Kelele ikapanda. Haikuwa kama zile nyingine, hii ilipanda na kupanda, nikajikuta nimemshika baba mkono. Halafu ikakatika. Ukasikika mguno mmoja wa watu elfu ishirini, kisha kimya.

“Kadakwa. Imekwisha,” baba akasema taratibu.

Kwenye redio mpira ulikuwa ndiyo kwanza unapigwa. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwamba umekwenda juu, umekwenda mbali, mdakaji wao anarudi nyuma, anarudi nyuma, na baba akazungusha ufunguo. Redio ikazimika.

Siku nyingine ningemgombeza. Nilibaki nimemshika mkono.

Watu wakaanza kutoka malangoni, macho mekundu, wamebeba watoto mabegani. Magari yakawashwa, safu baada ya safu. Baba alichomoa ufunguo akautia mfukoni mwa shati.

“Baba,” nikasema, “foleni hiyo.”

“Naiona,” akasema, na hakuugusa tena ufunguo.