Kurushiana Ni Marufuku

Matroni Theodora hakubisha hodi. Aliingia chumbani, akaifunga kompyuta ya Sikudhani huku somo likiendelea kwenye kioo, akaikwapua pamoja na chaja yake.

"Kumbe ni wewe unayemaliza intaneti ya chuo," alisema. "Kurushiana mafaili ni marufuku."

Sikudhani alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi kwenye chuo kimoja pale Singida mjini. Kila mwanafunzi alipewa kiasi chake cha intaneti kwa wiki, na kikiisha unafungiwa mpaka Jumatatu. Masomo ya video ya Mwalimu Gabrieli yalikuwa mazito. Ukipakua mawili tu, umekwisha. Kwa hiyo wasichana wa bweni lile walikubaliana: kila mmoja apakue somo moja, amletee Sikudhani alihifadhi kwenye kompyuta yake, kisha warushiane simu kwa simu.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa mshauri wa wanafunzi, Mwalimu Benjamin. Kompyuta yake, ambayo wazazi wake wa Iguguno walikuwa wameuza alizeti ya msimu mzima ili aipate, ilikuwa mezani, na juu yake pamewekwa kikombe cha chai. Hasira ilimpanda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana, nimekuja kueleza. Tukirushiana simu kwa simu hatugusi intaneti ya chuo. Somo linapakuliwa mara moja tu, bweni zima linasoma."

"Kanuni inasema ni marufuku."

"Iliwekwa kwa ajili ya filamu, Mwalimu. Haya ni masomo mliyotupa wenyewe, na mtihani ni keshokutwa."

"Binti, usinifundishe kazi. Utaichukua muhula ukiisha."

Alitoka mikono mitupu. Bwenini aliwaeleza wenzake kila neno. Wengine waliinamisha vichwa, wakaanza kufuta masomo kwenye simu zao. Hilo lilimchoma kuliko maneno ya ofisini.

Aliyeinuka ni Raheli, binti wa mchungaji wa Kilimatinde, ambaye hata darasani sauti yake ilisikika kwa nadra.

"Twende," alisema.

Walikwenda wachache. Raheli aliweka simu yake mbele ya Mwalimu Benjamin, na wengine wakaweka zao, moja moja.

"Masomo hayohayo yamo humu," Raheli alisema. "Kama ni kosa, zichukue zote. Ila tutamwomba Mwalimu Gabrieli aje atuambie tusomee wapi."

Mwalimu Benjamin alizitazama simu zile. Mwishowe aliondoa kikombe, akamsukumia Sikudhani kompyuta yake pasipo kumtazama usoni.

"Msirudie."

"Tutarudia, Mwalimu," Sikudhani alijibu. "Leo hii."

Hakuna aliyemwomba radhi, wala hasira haikumtoka. Jioni walikaa sakafuni, mlango wazi, wakarushiana masomo yote. Matroni Theodora alipopita, hakuna aliyeficha simu. Walimwamkia, "Shikamoo, mama," wakaendelea.