Kamshafti ya Bi Johari

Mimi Hezekia nina mdomo, nakiri. Nduguti nzima inajua. Nikifungua injini nikakuta uzembe sinyamazi, hata mwenye gari awe mchungaji. Na Jumatatu ile nilipofungua kava ya juu ya injini ya Bi Johari, mama yangu wee! Nilipiga kelele mpaka watu waliokuja kukamua alizeti wakaacha magunia yao wakaja kuchungulia.

Kamshafti ilikuwa imekwisha. Kamshafti ni ule mtaimbo wa juu wenye vinundu vinavyosukuma valvu, na kinundu kinatakiwa kichongoke kama ncha ya yai. Hivi vilikuwa bapa. Viwili unapitisha kidole husikii mwinuko wowote. Chuma kizima kimesagika ndani ya miezi mitatu, jamani! Najua ni mitatu kwa sababu niliifungua mimi mwenyewe, wakati ule ilipokuwa inavuja oili pembeni mwa kava, na kamshafti ilikuwa nzima kabisa.

Injini yenyewe ni ya lori la zamani, imefungwa kwenye fremu ili izungushe mashine ya kukamulia alizeti. Haina hata taa ya kuonya kuhusu oili. Bi Johari anakaa Singida mjini, mashine aliachiwa na marehemu baba yake. Anayeiendesha ni Mzee Paskali, Mnyiramba wa hapa hapa, mwaka wa ishirini na sita sasa. Yeye ndiye anayeiwasha, anayeipima oili, anayeiongezea.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikanusa. Alizeti.

"Mzee Paskali!" Hata shikamoo sikumpa, mtu wa umri wa baba yangu. "Umeiwekea nini injini hii?"

"Oili, mwanangu. Ile ile uliyoniagiza."

"Kwa faneli ipi?"

Akaitazama faneli. Kwenye mashine zetu za alizeti faneli ni moja tu. Inayojazia madumu ya wateja ndiyo hiyo hiyo inayoongezea oili, katikati inafutwa kwa kitambaa, basi.

"Huwa naifuta," akasema taratibu.

"Unaifuta! Unainywesha injini mafuta ya kukaangia maandazi halafu unaniambia unaifuta? Miaka yote hiyo hujajifunza? Umeua injini ya watu, mzee!"

Watu wote pale walisikia. Mzee Paskali akavua kofia, akainama, akaipapasa ile kamshafti kwa kidole chake, kinundu kimoja kimoja. Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alimpigia simu Bi Johari mwenyewe, mbele yetu, akasema, "Mama, nimeharibu. Injini ya marehemu mzee wako nimeiua."

Kesho yake Bi Johari akaja na kamshafti nyingine kutoka mjini. Hakumfokea. Alimwambia tu aache funguo, apumzike nyumbani, atatafutwa mtu mwingine wa kuendesha. Mzee akaweka funguo mezani, akabeba koti lake, akaondoka kwa miguu. Mimi, nisiwadanganye, nilijisikia fundi kweli kweli siku ile.

Jumatano nikashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ili nisafishe hayo mafuta ya alizeti kabla ya kufunga kamshafti mpya.

Hapo ndipo nikaona.

Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limeziba. Nikaligeuza kwenye mwanga. Limejaa vipande vyekundu, laini, virefu virefu. Gundi ya gasketi. Gundi nyekundu, ya kwangu, ile niliyoipaka kwenye kava miezi mitatu nyuma ili oili isivuje. Niliipaka kwa fujo, nikataka nimalize haraka. Ikizidi inajikamua kwa ndani, inakauka, inakatika, inaanguka chini, pampu inaivuta, chujio linaziba. Oili haipandi tena juu. Kamshafti iko juu, ndiyo inayokufa kwanza. Na hili nalijua! Nimewafundisha wenzangu kwa mdomo huu huu!

Lakini ile harufu? Nikanusa mikono yangu. Alizeti. Nikanusa shati, spana, ukuta. Alizeti tupu. Pale mashineni hata maji ya kunywa yananuka alizeti.

Nikakaa juu ya gunia. Ningeweza kuliosha lile chujio kwa mafuta ya taa na dunia nzima isijue. Wazo hilo lilinijia, nasema kweli, na likanitia hofu kuliko gundi yenyewe. Nikatoka nalo nje, nikampa Bi Johari, aliyekuwa bado hajarudi mjini, nikamweleza yote.

Aliligeuza mara mbili mikononi. "Mzee yule nilimkuta hapa nikiwa darasa la tatu," akasema. "Mfuate. Sasa hivi. Mwambie arudi kazini."

Nikawasha pikipiki, mikono imejaa oili. Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda na mkewe, Mama Scholastika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamwekea chujio mkononi. Nikamwambia ni mimi, gundi ni yangu, faneli haina kosa, hajaua kitu, Bi Johari anamwita. Maneno yalinitoka mbiombio. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivuta zile nyuzi nyekundu kwa ukucha, akanirudishia.

"Una huruma," akasema. "Bi Johari naye ana huruma, kama baba yake. Lakini msinidanganye kwa ajili ya uzee wangu. Nimeshakubali."

"Baba, sikudanganyi! Wallahi, ni mimi!"

"Hezekia." Aliniita kwa upole, kama anamwelewesha mgonjwa. "Nilikuwepo. Ulinipigia kelele mbele za watu mpaka mishipa ya shingo ikakusimama. Ingekuwa ni wewe uliyeharibu, ungewezaje kunitukana vile? Hakuna mtu anayeweza."

Mama Scholastika alinitazama, akisubiri nimjibu mumewe.