Weusi Haushiki Palipokanyagwa

Jumamosi asubuhi Mbinya alimfunga mwanawe Kiema mgongoni, akainjika sufuria ya magome ya mgunga nje ya mlango wa nyanya yake, Susu Mukai, hapo mtaani Ziwani, akatumbukiza kitambaa cheupe cha pamba. Kufikia adhuhuri kilikuwa na rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa. Ulibaki weusi, na weusi hutoka kwenye tope.

"Si tope la mtaro," Susu alimwonya. "Lile lina sabuni. Chukua la uwanjani."

Uwanja ulikuwa umezungushiwa ukuta tangu Machi. Mwenye ukuta alikuwa na hati iliyosema hiyo ni ardhi tupu, haijawahi kutumiwa na mtu. Kesi ya wakazi kuudai uwanja ilikuwa Jumatano. Mlinzi, Owuor, alikuwa amecheza mpira humo utoto wake wote. Akafungua lango.

"Karai moja tu, Mama Kiema. Bosi akiuliza, uliniletea mandazi."

Kitambaa kililala topeni hadi Jumapili baada ya kanisa. Mbinya alipokisuuza kilikuwa cheusi tii, isipokuwa nyayo. Nyayo za watoto, mamia kwa mamia, rangi ya strungi, zikikimbia huku na huku.

"Nimeharibu, Susu. Nimekitoa mapema."

"Hujaharibu. Weusi haushiki palipokanyagwa." Susu akavaa miwani. "Kosa lako ni hukukoroga. Ona hii kona."

Amolo wa mlango wa pili, aliyekuja kuomba chumvi, akainama. "Huyu ni mimi, kabla chupa haijanikata kidole. Na huyu mbele ni Ondiek. Alikuwa mchoyo wa pasi, huyo!"

Jumatano Mbinya alikipeleka kitambaa kortini. Hakimu alikitandaza, akahesabu nyayo hadi saa ya chakula, akaandika elfu moja mia mbili na sita. Akauliza kama rangi huchuja.

"Haichuji, mheshimiwa."

Akaisifu kazi. Kisha akasoma hati. Hati ilisema ardhi tupu, na ilikuwa na muhuri. Ukuta ukabaki.

Jioni Mbinya alitandika kitambaa sakafuni. Kiema, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, akasimama, akapiga hatua nne, vumbi la uwanja likimpanda magotini. Watoto wa majirani wakavua viatu mlangoni wakaingia na mpira, kumi na mmoja, nafasi ikawatosha. Mpira ulipopaa, Owuor aliurudisha kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Ni kidogo," Susu alisema.

Mbinya alikuwa ameshainjika magome mengine. Safari hii kitambaa kilikuwa cha mita kumi na tano, na alikuwa anakoroga.