Alama za Moyo wa Mwalimu

Baba yangu alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na kosa langu la kwanza lilikuwa kumtajia neno alama.

Alikuwa amevimba miguu, akipanda ngazi tatu tu za mlangoni anahema. Mimi ni mtu wa maabara. Nilimtoa damu mwenyewe, nikamweleza kirahisi kwamba moyo ukielemewa humwaga homoni fulani kwenye damu, na sisi tunaipima. "Ndiyo alama ya moyo, baba." Ikasoma mia nne na kumi. Daktari akampa vidonge vya kutoa maji mwilini, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Vidonge alivichukia. Kutwa nzima mbio chooni. "Hivi ni vikali kuliko mkaguzi wa shule," alisema.

Aliporudi kupimwa, nilikuwa kwenye mashine. Namba ikatoka: elfu mbili na mia tisa. Nilijua maana yake. Homoni ile ikipanda hivyo, moyo umezidiwa, na wengi hawamalizi mwaka bila kulazwa au kuzikwa. Nilitia saini, nikapeleka karatasi dirishani. Majibu hutolewa na daktari, ndiyo sheria, na siku ile niliipenda sheria kuliko baba yangu. Sikutaka asikie kwa sauti yangu. Wiki tatu sikupiga simu, nikijiambia daktari keshamwambia.

Kumbe kaka yangu mkubwa, bingwa wa kila asichokisomea, alichoka na foleni ya daktari. Alichukua karatasi, akamrudisha mzee nyumbani.

Wiki ya nne akanipigia: mzee hapumui vizuri, amelazwa. Nilifika wodini nikitweta.

"Lakini alifaulu!" kaka akanifokea. "Katoka mia nne hadi elfu mbili na mia tisa! Tulimpigia makofi. Akasema mwenye alama hizo vidonge vya nini tena, akavitupa."

Nilitamani kumzaba kofi. "Zikipanda ndiyo vibaya, kaka!"

"Sasa nani alituambia?"

Mropokaji yule, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa ameuliza swali la haki.

Baba aliketi kitandani, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali pumzi inakata. Alikuwa amesikia yote. Akaniita kwa kidole.

"Karatasi ile, nani alisahihisha?"

"Mimi, baba."

"Ukaiona siku ileile?"

"Niliiona."

Alitafuta pumzi kwanza. "Miaka yote ile," akasema, "sijawahi kumwacha mtoto wa mtu aende kwao akishangilia sifuri."

Kisha akamwomba kaka amshikie kikombe cha maji, ingawa mimi ndiye niliyekuwa karibu nacho.