Soksi Isiyo na Mshono

"Hivi wewe, shoga, unafuma au unafumua?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu wa ukuta mmoja, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hazimiki. Alinikuta mlangoni, uzi umenijaa mapajani, nafumua soksi niliyoihangaikia tangu asubuhi. Nilikuwa na jambo moyoni, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Jambo lenyewe ni mguu wa mama mkwe. Mume wangu alipofariki, mama yake alibaki kwangu. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema tu, "Tumeachiwa pengo moja, mimi na wewe. Kila mtu akae na nusu yake wapi?" Basi tukaishi. Ana kisukari, na nyayo zake zimekufa ganzi. Anaweza kukanyaga kizibo cha chupa akatembea nacho hadi jikoni, mimi ndiye nisikie kinagonga sakafu. Wiki ile nikaona kidonda kwenye kidole gumba. Tukaenda zahanati. Muuguzi akautazama mguu, kisha akaigeuza soksi, akapitisha ukucha kwenye mshono mnene wa mbele.

"Ni huu," akasema. "Unamsaga na hasikii. Avae soksi isiyo na mshono kabisa, la sivyo hicho kidole tutakikosa."

Soksi zile alizileta wifi yangu, binti pekee wa mama. Soksi nzuri, nzito, za kiwandani. Nilipompigia simu kumweleza kidonda, soksi sikuzitaja, na yeye hakuningoja nimalize.

"Mama anaoza kwako na wewe upo! Jumamosi nakuja kumchukua." Akakata.

Nikabaki nimeishika simu. Ningempigia tena nikamwambia ukweli, lakini mama alikuwa amesikia yote kutoka kitandani.

"Usimwambie," akasema. "Huyo atajilaumu mpaka mvi zimtoke. Namjua, nimemzaa mwenyewe."

"Basi atakuchukua, mama."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Nikamshauri avae zilezile kwa kuzigeuza, mshono ukae nje.

"Nigeuze soksi? Mgeni akija anidhani nimerukwa na akili? Wewe si unajua kufuma? Fuma."

Kufuma najua, nilifundishwa shule ya msingi, ila kwa sindano mbili ndefu. Hizo zinakupa kipande bapa. Ukitaka kiwe soksi unakikunja na kukishona, na mshono unarudi palepale. Nilitaka zile sindano fupi zilizounganishwa na waya laini, unafuma kwa kuzunguka bila kuacha mahali pa kushona. Nikaenda kwa muuza nyuzi, mzee tunayemwita Babu Vifungo. Akanimwagia mezani kila aina aliyokuwa nayo.

"Chagua, mama. Zote sindano."

Zote sindano, lakini mguu ni mmoja. Zile za waya mfupi zilitosha mzunguko wa soksi sawasawa, ila ncha zake zilikuwa fupi mno. Vidole vyangu vikagongana kama watu mlangoni. Za mianzi zilikuwa nyepesi, lakini zinaushika uzi, na mimi nilikuwa na haraka. Nene nikazisukuma pembeni: zinafuma vitanzi vilegevu, soksi inajikunja ndani ya kiatu, na mkunjo nao unasaga. Nikabaki na nyembamba za chuma zenye waya mrefu, ule unaozidi unauvuta nje katikati ya vitanzi, unaning'inia pembeni kama sikio. Kisha nikapitisha mdomoni pale waya unapokutana na chuma.

"Mama, hiyo hailiwi," akasema Babu Vifungo.

"Naisikiliza. Pakiwa na kijinundu, uzi utanasa na kufanya nundu. Mwenye mguu hasikii, lazima mimi nisikie."

Ya kwanza ikakwaruza. Ya pili pia. Akanichungulia juu ya miwani. "Utazibusu zote?"

"Mpaka nipate mchumba," nikasema, naye akacheka hadi akakohoa. Nikapata iliyopita kama maji.

Na bado nikaharibu. Kabla ya kuunganisha mduara unatakiwa uangalie vitanzi vyote vimeelekea chini. Mimi nilikuwa nasikilizia magari barabarani, kumbe vimejipindua kwenye waya. Nikafuma na kufuma, na nilipoinua kuitazama, soksi imejisokota kama kamba. Kosa hilo halina dawa isipokuwa kufumua yote. Ndipo Mama Redio akanikuta na swali lake.

Siku zile sikutulia. Nilifagia palipofagiwa. Nilibandika maji ya chai nikasahau kuwasha jiko. Nikisali, midomo inamwomba Mungu na vidole vinahesabu vitanzi. Nikamwomba msamaha, nikaendelea kuhesabu. Kila saa namfunua mama mguu kutazama kidonda, hadi akanifokea, "Hebu uache upumue, nao si mtoto!" Kidonda kilikuwa kinakauka. Mguu mmoja wa soksi nikaumaliza Jumamosi asubuhi. Kule mbele sikushona, niliunganisha kitanzi kwa kitanzi, ili pawe laini.

Wifi akaingia na begi tupu. Salamu yake fupi. Akaanza kukunja nguo za mama na kuzipanga ndani. Mimi nilikuwa kwenye kiti nafuma wa pili.

"Inuka, mama, gari linasubiri."

"Nivalishe kwanza," akasema mama, akanyoosha mguu.

Wifi akapiga goti. Akaichukua soksi yangu, akaingiza mkono ndani aitanue, akasita. Akaigeuza. Akaipapasa kote, kutoka juu hadi vidoleni.

"Mbona haina mshono?"

Mama akatazama dirishani.

"Wifi, nakuuliza. Muuguzi alisema nini hasa?"

Kitanzi kikaniponyoka. Ningesema, angeziacha zile nguo. Ningenyamaza, ningelala peke yangu nyumba ile usiku uleule.

"Nimemwahidi mama nisiseme," nikajibu. "Na kukudanganya namwogopa Mungu. Usiniulize, wifi."

Akanitazama, kisha akamtazama mama, kisha mguu ule wenye bandeji.

"Ni zile nilizoleta mimi?"

Mama akamwekea mkono kichwani.

"Zilikuwa na joto, mwanangu. Joto zuri sana."

Wifi hakulia. Alimvalisha mama ile soksi polepole, akailaza vizuri kuzunguka kidole, akapitisha kiganja juu yake, na tena. Akainuka. Akafungua begi, akazitoa nguo za mama alizokuwa amezikunja, akaziweka kitandani moja baada ya nyingine, hadi begi likawa tupu. Akalichukua, akapita mbele yangu, akatoka.