Karamu ya Limbu

Rozina alistaafu ualimu akabaki na kalamu za wino kumi na tisa, alizozihifadhi ndani ya kopo la biskuti nyumbani kwake Mazwi. Kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa kalamu za zamani, yeye ndiye aliyesahihisha kila mtu. "Ni habari, siyo habali," aliandika. Wengine walinuna, wengine waliacha kuandika kabisa.

Siku moja Limbu, mfugaji wa Mtowisa kule bondeni, akaandika: "Nina karamu ya marehemu baba. Jumamosi nipo nyumbani, anayependa aje." Rozina aliusoma ujumbe mara mbili, hakuona kosa.

Jumamosi akaondoka na Gaudensi, karani mstaafu wa posta, mwenzake wa kundini. Gari liliposhuka bondeni, joto likawapokea, wakavua masweta. Rozina alibeba kilo nne za sukari. Gaudensi alikuwa na koti lake la harusini.

Walikuta ua mtulivu. Mboje, mke wa Limbu, alikuwa anaanika mpunga.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wengine bado?"

"Wageni gani, mama?"

Limbu akatoka ndani mbio, uso umejaa furaha. "Mwalimu! Kumbe umekuja kweli!"

"Tumekuja kwenye karamu."

"Hii hapa." Akachomoa mfukoni kitambaa cheupe, akakikunjua. Ndani yake mlikuwa na kalamu nyeusi ya wino, kifuniko kimepasuka.

Gaudensi akalitazama koti lake, akaitazama sukari, akacheka mpaka akakaa chini. Limbu alipoelezwa akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwalimu. Hizo l na r zimenishinda tangu darasa la pili."

Rozina aliwakumbuka wale walionyamaza kundini, akasikia aibu. "Nisamehe wewe, baba. Ningekuuliza tu."

Mboje hakungoja wamalize. Alishamkamata jogoo.

Wali ukiwa jikoni, Rozina aliiosha kalamu kwa maji ya uvuguvugu mpaka wino mkavu ukatoka. Limbu akasimulia jinsi baba yake alivyohamia bonde hili na ng'ombe kutoka Usukumani, na jinsi alivyowaandikia barua majirani wote. Kila Jumapili watu walipanga foleni mlangoni, kila mmoja na maneno yake ya kupeleka nyumbani.

Rozina akajaza wino, akajaribu mstari mmoja. Mkono wenyewe ukaandika: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako..."

"...wewe uliye mbali nami!" wakamalizia Limbu na Gaudensi kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Mboje akafuta mikono kwenye khanga, akakaa karibu. "Mama, niandikie na mimi. Kwa dada yangu, kule Bariadi."

"Si una namba yake ya simu?"

"Ninayo. Kwenye simu tunaulizana mvua na watoto, salio linaisha."

Basi akazungumza, na Rozina akaandika kurasa mbili bila kumkatiza. Jumatatu Gaudensi aliipeleka barua posta mwenyewe, akasimama pale dirishani kidogo kabla ya kuondoka.

Baada ya wiki tatu dada mtu akapiga simu. Hakuuliza mvua wala watoto. Alisema, "Nimeisoma mara nne. Sikujua kama bado unaikumbuka ile nyumba yetu ya utotoni."